Testi za mfumo: SQLite ya kwenye memori au PostgreSQL ndani ya Docker?

Wadau wa programu hapa Mtwara hili swali haliishi: ukiupima mfumo wako, data ya majaribio ikae kwenye SQLite (databesi ndogo inayokaa ndani ya programu yenyewe) au PostgreSQL (databesi kubwa inayojitegemea) iliyowashwa ndani ya Docker (programu inayoendesha mifumo kwenye maboksi yaliyotengwa, yani kontena)? Kwa spidi SQLite inashinda, haili bando la kushusha imeji (faili ambalo Docker inalitumia kuwasha kontena), haili ramu nyingi, matunzo karibu hakuna. Shida ni kuaminika: kwa kawaida yake safu ya namba inapokea hata maneno, yani uzito wa korosho ukiandika "kilo mia" testi inapita tu bila neno, wakati PostgreSQL ingekataa palepale! Docker nayo inachelewa kuwaka, ila washa kontena mara moja tu, kila testi iingie kwenye transaksheni yake (fungu la mabadiliko ya databesi linaloweza kufutwa lote kwa pamoja) halafu mwishoni uirudishe nyuma bila kusevu, hapo muda unapungua sana. Mfumo ukishika pesa za wakulima wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), beba PostgreSQL ya Docker. Laptop ya ramu GB 4 na kisistimu cha duka, SQLite inatosha.