Lila na Lenù: uanze na kitabu au tamthilia?

Riwaya ya Elena Ferrante, L'amica geniale, ilitoka Italia mwaka 2011. Tamthilia yake ya runinga, ya vituo vya RAI (Italia) na HBO (Marekani), ikafuata 2018. Kisa ni kilekile: wasichana wawili wa mtaa wa kimaskini mjini Napoli, miaka ya 1950, Lila na Lenù (huyu ndiye msimulizi), wanaopendana na kuoneana wivu papo hapo.

Kilichonivutia zaidi ni lugha. Ferrante huandika Kiitaliano sanifu, halafu hudokeza tu kwamba fulani alisema kwa lahaja. Kwenye runinga lahaja ya Napoli unaisikia yenyewe, hata Waitaliano wakawekewa maandishi chini ya skrini. Hapo tamthilia imeshinda, sina ubishi.

Ila chukua pale baba yake Lila, fundi viatu, anapomrusha binti yake dirishani kwa sababu ya kung'ang'ania shule. Skrini inakuonyesha mtoto akianguka, moyo unakuruka, basi. Kitabuni tunamtazama kwa macho ya Lenù: Lila anajizoazoa, karibu atabasamu, anasema hajaumia, kumbe mkono umevunjika. Sentensi chache tu, na tayari unamjua Lila ni mtu wa namna gani.

Mandhari, mavazi, ngumi za mtaani: tamthilia. Wivu wa Lenù, ule anaoona aibu kuukiri: kitabu, na mimi ningeanzia huko. Majina yakikuchanganya (na yatakuchanganya), orodha ya familia zote iko kurasa za mwanzo.