micro:bit V2 kwenye meza ya maonyesho ya sayansi: maoni ya mlezi wa klabu

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake: kama unalea klabu ya sayansi shuleni na unaandaa vijana kwa maonyesho, micro:bit V2 ndicho kifaa cha kwanza ambacho ningekushauri utafute. Naipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja iliyobaki nitaieleza huko mbele.

Kwa asiyeifahamu, ni kompyuta ndogo ya bodi moja, sentimita 4 kwa 5 hivi, inaingia mfuko wa shati. Ilianzia Uingereza mwaka 2016, BBC na washirika wake walipoigawa bure kwa wanafunzi wa miaka 11 na 12, kisha ikakabidhiwa kwa taasisi isiyo ya kibiashara inayoisimamia hadi leo. Toleo la pili, ambalo ndilo ninalolizungumzia, lilitoka mwaka 2020. Mbele ina taa 25 nyekundu zilizopangwa tano kwa tano, vitufe viwili vya A na B, na nembo ya dhahabu inayohisi kidole. Ndani mna kihisi cha mwendo, dira, kipimajoto na redio ya kuzungumza na bodi nyingine. V2 imeongezewa maikrofoni na spika. Taa zenyewe zina kazi ya pili, zinapima mwanga na kukupa namba kati ya 0 na 255. Yote hayo unayo kabla hujachomeka waya hata mmoja.

Hapo ndipo inapoipita Arduino Uno, bodi ya mwaka 2010 ambayo naiheshimu na bado ninayo kabatini. Mwenye Uno lazima kwanza atafute kihisi, ubao wa kuunganishia na nyaya, halafu aingie kwenye lugha inayomkatalia kazi nzima kwa sababu amesahau nukta-mkato moja. Wengine wanavuka. Wengi wanakata tamaa kabla hawajapima kitu chochote, na maonyesho hayamsubiri mtu. Kwa micro:bit, mtoto anavuta vipande vya amri kwenye MakeCode, ukurasa wa mtandaoni wa kuandikia programu, anaviunganisha, anabonyeza kupakua, na taa zinawaka. Akikomaa, anabadilisha ukurasa uleule usome kwa lugha za programu za Python au JavaScript. Hata bodi ikiwa mkononi mwa mwenzake, anaijaribu programu yake kwenye bodi ya kuigiza iliyoko pembeni mwa skrini. Kwenye klabu yenye watoto wengi na bodi chache, hilo limetuokoa sana.

Lakini wepesi peke yake usingenifanya niandike. Acha nisimulie habari ya misumari.

Kila mlezi anaujua mradi wa king'ora cha mmea wenye kiu. Unachomeka misumari miwili kwenye udongo, mmoja unaunganishwa na tundu la 3V, linalotoa umeme, na mwingine na tundu namba 0, linalosoma. Udongo ukiwa na maji umeme unapita vizuri na bodi inasoma namba kubwa. Ukikauka namba inashuka. Kipimo ni 0 hadi 1023. Ikishuka chini ya kiwango ulichoweka, sura ya huzuni inatokea kwenye taa na spika inalia. Ni mradi wa kupendeza na umechosha majaji wote duniani.

Binti mmoja wa klabu yetu aliufanya huohuo. Baada ya siku chache akaja analalamika kwamba mmea wake ni mwongo: ameumwagilia, udongo umelowa, na king'ora bado kinalia. Wenzake wakamwambia apunguze kiwango, mambo yaishe. Hakupunguza. Aling'oa misumari na kuitazama. Ule uliokuwa kwenye 3V ulikuwa umeliwa, umevaa ganda la kutu la rangi ya chungwa lililomung'unyika mkononi. Mwenzake ulikuwa karibu mzima. Akaweka misumari mipya kwenye udongo uleule, bila kuongeza maji, na namba ikaruka juu palepale. Kumbe kwa siku zote hizo alikuwa anapima kutu huku akidhani anapima ukame.

Sababu yake iko kwenye kitabu cha kemia, sura ile ya elektrolisisi ambayo watoto huikariri kwa ajili ya mtihani: mkondo ukipita kwenye udongo mbichi muda wote, chuma cha upande chanya kinayeyuka taratibu. Yeye aliisoma tena akiwa na shida yake mkononi. Kisha akautoa waya kwenye 3V, akauhamishia tundu namba 1, na kuandika programu inayowasha tundu hilo kwa kitambo tu wakati wa kusoma, halafu inalizima. Misumari ikadumu. Bango lake likabadilika kichwa, likawa ni la kutu, likiwa na misumari minne imebandikwa kwa utepe na tarehe chini ya kila mmoja. Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa gari linaloendeshwa kwa kuinamisha mkono, na sikulalamika, gari lilikuwa zuri. Ila mimi niliyeona daftari lake najua nilimpigia nani makofi ya kuumiza viganja.

Bodi ilichangia nini hapo? Mambo mawili. Kwanza, matundu makubwa ya 0, 1, 2, 3V na GND (upande hasi wa umeme) yanashikwa na klipu za mamba, vile vibanio vya chuma vyenye meno, kwa hiyo kuhamisha waya ni kazi ya sekunde na mtoto haogopi kujaribu. (Klipu ikae wima na kuuma ndani ya tundu. Ikilala, inagusa vile vipande vyembamba vya jirani na unapata namba za ajabu.) Pili, na hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote kwenye V2, inatunza kumbukumbu. Unaiamuru iandike vipimo kila baada ya muda fulani, unaiacha na betri zake usiku kucha, na asubuhi ukiichomeka kwenye kompyuta unakuta faili la MY_DATA. Linafunguka kwenye kivinjari likiwa na jedwali, na kwa kubonyeza mara moja unapata grafu. Vipimo havipotei hata ukichomoa betri. Binti yule alipoambiwa na jaji kwamba huenda alimwagilia kidogo tu, alifungua jedwali na kuonyesha saa.

Hapo kwenye saa kuna jambo la kujua. Bodi haina saa ya ukutani ndani yake. Muda inaouandika unahesabiwa tangu ilipowashwa. Kwa hiyo mwanafunzi aandike kwenye daftari kwamba imewashwa saa ngapi, la sivyo grafu yake itakuwa na kilele kizuri kisichojulikana ni cha alfajiri au cha jioni. Na jambo la pili ni zito zaidi: ukipakia programu mpya, kumbukumbu za zamani zinafutwa. Kifaa kimeundwa hivyo na maelekezo yanasema wazi, lakini watoto gani husoma maelekezo?

Nalitaja kwa sababu linagongana na jaribio ninalowashauri majaji wote walifanye. Ukitaka kujua kama mradi ni wa mtoto au wa mjomba wake fundi, usimwulize aeleze, maelezo yanakaririka. Mwambie abadilishe kitu kidogo mbele yako. "Kiwango chako ni 400, hebu kifanye 300 tuone." Aliyeandika mwenyewe anajua kipande cha kugusa, anakigusa, anapakia, na bodi inafanya kilichosemwa kabla jaji hajamaliza kuandika jina. Sijaona kifaa kingine cha shule kinachoruhusu ukaguzi wa haraka namna hiyo mezani. Sasa basi, kabla ya kubadilisha, mtoto awe ameshahifadhi faili lake kwenye kompyuta. Nimeona kijana akipoteza vipimo vya wiki nzima kwa kumtii jaji. Alisimama tu. Jaji naye hakujua amefanya nini.

Redio inafurahisha na inahitaji nidhamu. Bodi zinazungumza zenyewe bila intaneti, mradi ziko kwenye kundi moja, na makundi ni kuanzia 0 hadi 255. Tatizo ni kwamba masomo ya mafunzo mengi hutumia kundi namba 1, na watoto wanaliacha hivyohivyo. Kwenye ukumbi mmoja nilishuhudia meza ya mita ya mvua ikianza kuonyesha mapigo ya moyo. Meza ya pili, yenye mradi wa afya, nayo ikaonyesha milimita za mvua kwenye kifua cha mtu. Walicheka wote, wakatafutana ukumbini hadi wakajuana, mmoja akahamia kundi 87. Waandaaji wa maonyesho wagawe namba za makundi pamoja na namba za meza, haigharimu chochote.

Na sasa ile nyota niliyoizuia. Kipimajoto cha bodi kimo ndani ya prosesa yenyewe, kinapima joto la chipu na kukadiria la hewa. Kwa kusema chumba kimepoa au kimechemka, kinatosha. Kwa sayansi ya joto, hapana. Ninasema kwa uchungu kidogo kwa sababu jaribio ambalo wanafunzi wangu hulipenda kuliko yote ni la Erasto Mpemba. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari Tanganyika. Katika kutengeneza aiskrimu akaona mchanganyiko wake wa maziwa ulioingia kwenye friza ukiwa wa moto umeganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, na darasani likabaki neno la kejeli, kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Aliendelea kuuliza, hadi akamuuliza mwanafizikia Denis Osborne aliyekuja shuleni kuzungumza. Osborne hakucheka, alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Hadi leo wanasayansi wanabishana ni katika hali zipi jambo hilo hutokea na kwa nini, ndiyo maana linafaa kwa vijana: jibu halipo nyuma ya kitabu.

Watoto wakilisikia, wanataka kulirudia hapohapo kwa bodi. Huwezi kuitumbukiza kwenye maji. Itakubidi ununue kihisi cha nje, na kinachotufaa sisi ni DS18B20 chenye ala ya chuma isiyopitisha maji, kinachopima kuanzia nyuzi -55 hadi 125 za Selsiasi. Kinafanya kazi vizuri kikishaunganishwa, na MakeCode ina nyongeza ya kukisoma. Ila hapo ule urahisi niliousifu unaanza kupungua, mtoto anarudi kwenye ubao wa kuunganishia na vipingamizi vya umeme (rezista) kama mwenye Arduino.

Kuna na hili la umeme. Bodi inafanya kazi kwa volti 3, wakati vihisi na mota nyingi za bei rahisi zimetengenezwa kwa volti 5. Pampu ndogo ya maji huwezi kuiendesha moja kwa moja kutoka kwenye tundu la bodi. Inataka rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) au saketi ya kuendeshea, na chanzo chake cha umeme. Walezi wapya huligundua hili wiki ya mwisho, mtoto akiwa ameshachora pampu kwenye bango. Vilevile jihadhari na pawabenki. Bodi inakula umeme kidogo mno kiasi kwamba pawabenki nyingi hudhani hakuna kilichochomekwa na kujizima. Kisanduku cha betri mbili za AAA hakina ujanja huo.

Dira itakuomba uizungushe bodi hadi taa zote zijae kabla haijakubali kufanya kazi. Majaji hudhani ni mchezo. Waache wadhani.

Ukinunua kwa ajili ya klabu, nunua bodi chache na klipu nyingi, maana klipu ndizo zinazopotea. Chukua visanduku vya betri, waya wa USB wa akiba, DS18B20 moja au mbili, na misumari ya kawaida. Ukipewa zilizotumika, geuza uangalie mgongoni kama kuna spika, na mbele kama nembo ni ya dhahabu. Kama hakuna, hilo ni toleo la kwanza: kumbukumbu ya kuendeshea programu ni kilobaiti 16 badala ya 128, maikrofoni haipo, na ule utunzaji wa vipimo niliousifia haupo. Lipokee, linawafaa wanaoanza, ila mwanafunzi wa maonyesho mpe V2.