Waya wa kulehemu wenye madini ya risasi au usio na risasi: upi ukae mezani kwa fundi wa Kigoma?

Mafundi wa redio na simu pale Mwanga hawaishi kubishana juu ya hili, na kila upande una hoja.

Kwa wepesi wa kazi na bei, wenye risasi unashinda. Ule wa bati 63 na risasi 37 kwa mia huyeyuka kwenye nyuzijoto 183 na kushika upesi. Usio na risasi, wa bati, shaba na fedha kidogo, hutaka nyuzi 217 hivi, na ncha ya pasi huliwa mapema.

Kwa afya, mambo yanageuka. Risasi hudhuru ubongo wa watoto, na ukila ugali bila kunawa unaimeza. Moshi wenyewe ni wa dawa ya kulehemu zaidi. Waya wowote utakukera mapafu, fungua dirisha.

Kuchanganya je? Bodi nyingi zilizotengenezwa baada ya masharti ya Ulaya ya Julai 2006 ya kuzuia risasi hazina risasi. Mguu wa kapasita unaweza kuulehemu kwa waya wenye risasi, mradi ufyonze ule wa zamani kwanza. Chipu yenye vidonge vya bati chini yake ni habari nyingine: visipoyeyuka vyote, kiungo hubaki dhaifu. Ogopa zaidi bismathi, metali iliyomo katika baadhi ya waya zisizo na risasi. Ikikutana na risasi, sehemu ya kiungo huweza kuyeyuka kwenye nyuzi 96 tu.

Kama kazi yako ni redio za zamani na pasi yako haina kidhibiti cha joto, baki na wenye risasi. Unayelehemu sebuleni penye watoto, nunua ule mwingine, pamoja na pasi yenye nguvu.