Sarafu ya fedha yenye tanzanaiti: nimelipia chui nikaletewa chui chongo

Jamani nisikilizeni kabla hamjatuma hela zenu huko. Kuna hizi sarafu za madini ya fedha za wakusanyaji, zinatengenezwa Ulaya ila zinaandikwa jina la Niue, kile kisiwa cha Pasifiki, zinatolewa chache na cheti chenye namba. Mimi nilikuwa naiwinda moja siku nyingi, ya chui, madoa yamepakwa dhahabu na jicho ni tanzanaiti ya kweli. Sasa mtu wa Arusha ataachaje? Jiwe linachimbwa Mererani, hapo tu, dunia nzima hakuna kwingine, halafu mimi naliagiza Ulaya. Najua, chekeni, mkimaliza tuendelee.

Mzigo ukafika, ilikuwa kama baada ya Pasaka hivi, boksi la mbao zuri mpaka unaogopa kulifungua. Nikanyanyua kile kikasha cha plastiki sarafu inapokaa, nikasikia kitu kinacheza ndani. Kri kri. Kugeuza kwenye mwanga, chui hana jicho! Pamebaki kishimo kina gundi iliyokauka, njano njano, na jiwe lenyewe limelala chini pembeni. Gundi jamani. Hela niliyotoa pale ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, alafu jiwe limebandikwa kama stika ya kwenye daladala.

Na ubaya sio jicho tu. Fedha ya 999, yaani safi karibu yote, ni laini, na uso wa hizi sarafu unang'arishwa mpaka unajiona sura, sasa jiwe limetembea humo ndani kutoka Ulaya mpaka huku limechora vimikwaruzo vyembamba kuanzia shingoni mpaka karibu na mkia. Hivyo havifutiki, ukisugua ndo umeiua kabisa.

Nikawaandikia wauzaji kwa adabu zote, na picha. Anajibu mtu wa huduma kwa wateja, hakuna salamu, hakuna pole, eti umefungua kikasha kwa hiyo dhamana imeisha. Kikasha sijakifungua! Picha si inaonyesha? Nikamtumia na video, kri kri anaisikia kabisa. Jibu la pili ndo lilinimaliza: kwamba jiwe ni pambo tu, na sarafu bado ni pesa halali kwa thamani yake ya dola 2. Dola 2 za Niue! Yaani nipande ndege mpaka Auckland, maana ndege za Niue zinatokea huko, niende kisiwani nikamwambie muuza duka nipe soda, hii hapa chui chongo? Na kama sitaki basi niirudishe kwa gharama zangu. Tanzanaiti sio ngumu kama rubi, ikigongwa vibaya inapasuka, leo nairudisha posta ikiwa inabingirika hivyo hivyo ifike vipande waseme nimevunja mimi. Thubutu.

Hasira ilivyonizidi nikaipeleka kwa mzee mmoja sonara hapa mjini. Nikamwamkia, nikamwambia mzee wangu nitazamie hii, nimeibiwa. Akafungua kikasha (sasa ndo kimefunguliwa, waandike), akashika jiwe na kibano akaligeuza taratibu dirishani, huku bluu, ukilizungusha kidogo zambarau, huku bluu tena. Akasema, "Mwanangu hili ni lenyewe, na aliyelikata anajua kazi."

Mnajua niliombea liwe kioo? Liwe kioo niwatukane vizuri. Kumbe jiwe zima, dhahabu kweli, fedha kweli, na chui amechongwa mpaka sharubu unazihesabu, sijawahi kushika sarafu nzuri kama hii nikiwa mkweli. Alafu mtu akashindwa kuweka vimeno viwili vya kushikilia jiwe! Mzee mwenyewe alicheka. Ninayo ile ya faru ya shilingi 50 ya mwaka 1974 yenye sura ya Mwalimu, haina jiwe wala pambo, ila faru yuko na macho yake mpaka leo.

Kwa hiyo nyota? Nilitaka kutoa 1. Kazi ya uchongaji ni 5, sibishi. Nikikumbuka ile "pambo tu" inarudi 1. Tuseme 2, na hiyo ya pili ni ya chui, sio yao.

Juzi wamenitumia ofa, punguzo la asilimia 10 kwa sarafu mpya, simba mwenye jicho la rubi. Sinunui. Ila aisee huyo simba mngemwona, manyoya yote ya dhahabu. Nimewauliza swali moja tu, rubi imeshikwa na nini? Kimya mpaka sasa hivi.