Vitabu vinne vya Faust, na swali la nani analipa deni

Vitabu hivi vinne nimevinunua kwa muuza vitabu vya mtumba anayepanga bidhaa zake kando ya Mtaa wa Samora, jijini Dar es Salaam, kwa jumla ya shilingi 42,000. Kimoja kiliandikwa kwa Kiingereza, na vitatu ni tafsiri za Kiingereza kutoka Kijerumani na Kirusi. Vyote vinatokana na kisa kile kile cha Faust, msomi wa Kijerumani aliyeandikiana mkataba na Shetani, kisa kilichochapishwa kwa mara ya kwanza kama kitabu mjini Frankfurt mwaka 1587: miaka 24 ya kutumikiwa kwa kila analolitaka, na baada ya hapo roho yake inachukuliwa.

Msomaji wa Dar es Salaam haingii katika kisa hiki kama mgeni. Tumekua tukisikia habari za utajiri wa masharti: mtu anafungua duka, mali inamjia kwa kasi, na majirani wanaanza kuhesabu misiba ya nyumbani kwake. Masimulizi hayo yamewatia doa watu wengi wasio na hatia, nami siyaungi mkono; lakini yana jambo moja ambalo sikuweza kuliondoa akilini nilipokuwa nikisoma. Ndani yake mwenye kuitaka mali halipi yeye. Anayetolewa kafara ni mtoto, mama mzazi au ndugu wa damu. Kwa hiyo kila kitabu nilikipima kwa kuuliza nani hasa analipa.

Katika Doctor Faustus, tamthilia ya Mwingereza Christopher Marlowe, jibu liko wazi, kwa kuwa Faustus analipa mwenyewe. Damu yake inaganda anapotaka kuandika mkataba, na Mephistophilis, pepo anayemtumikia kwa niaba ya Shetani, analeta moto wa kuiyeyusha. Nguvu aliyoinunua kwa bei hiyo anaitumia kumpiga kofi Papa na kumletea mke wa mtawala zabibu wakati wa baridi kali, na mapengo hayo kati ya bei na bidhaa yanatia huzuni zaidi ya maonyesho yote ya mashetani. Kisha inakuja saa ya mwisho. Saa inagonga mara kumi na moja, na kuanzia hapo tunabaki na mtu mmoja anayeusihi usiku uende polepole, anayetaka milima imfunike, na ambaye mwishoni anaahidi kuvichoma vitabu vyake. Niliisoma sehemu hiyo kwa sauti mara mbili. Mnunuzi aangalie ana toleo lipi, maana Marlowe aliuawa mwaka 1593 na tamthilia ilichapishwa baada ya kifo chake katika matini mbili zinazotofautiana, ya 1604 na ya 1616. Ile ya pili ni ndefu zaidi, imeongezewa vichekesho, na ina onyesho ambamo wanafunzi wanakuta viungo vya Faustus vimetapakaa. Mimi naipendelea ya 1604, ambayo haihitaji viungo hivyo ili kututisha.

Goethe, mshairi wa Kijerumani, ndiye aliyenishughulisha kuliko wote, na ndiye niliyegombana naye. Sehemu ya kwanza ya Faust ilitoka mwaka 1808, na ya pili mwaka 1832, baada ya yeye kufariki. Kwake mkataba umegeuka kuwa dau: siku Faust atakapouambia wakati upitao usimame kwa kuwa ni mzuri mno, siku hiyo Mephistopheles, pepo yule yule kwa jina la Goethe, atamfunga minyororo. Hata hivyo gharama inaangukia wengine. Gretchen, binti aliyempenda, anampa mama yake dawa ya usingizi aliyoletewa na Faust na mama haamki tena. Kaka yake anauawa kwa upanga wa Faust. Gretchen mwenyewe anamzamisha mtoto wake majini na kuishia gerezani akingoja kukatwa kichwa. Nyuma ya ukurasa huo yupo mtu halisi, Susanna Margaretha Brandt, aliyeuawa kwa hukumu ya mahakama mjini Frankfurt mwaka 1772 kwa kosa la kumuua mtoto wake, wakati Goethe akiwa kijana wa mji huo huo.

Katika sehemu ya pili Faust mzee anaisukuma bahari nyuma ili apate ardhi mpya, na kwenye mpango wake imebaki kasoro moja tu, nyumba ndogo ya wazee wawili, Filemoni na Baukisi. Anasema anataka kuwapa sehemu nyingine kwa kubadilishana. Wanaotumwa wanaiteketeza nyumba, na wazee wanafariki. Mji unaolijua neno bomoabomoa hauhitaji maelezo ya chini ya ukurasa kwa kifungu hiki. Kwamba baada ya hayo yote malaika wanaichukua roho ya Faust, nimeshindwa kulikubali, ingawa mashairi yake ni mazuri mno. Msomaji ahakikishe nakala yake ina sehemu zote mbili, kwa sababu nyingi huishia ya kwanza, na mnunuzi atabaki na nusu ya hesabu.

The Master and Margarita, riwaya ya Mrusi Mikhail Bulgakov, iliyotoka kwenye jarida la Moskva mwaka 1966 na 1967 ikiwa imekatwakatwa, miaka zaidi ya 25 baada ya mwandishi kufariki, nitaitaja kwa ajili ya tukio moja. Margarita amepewa nafasi ya kuomba jambo moja kwa Shetani, naye anaiacha haja yake na kumwombea Frieda, mwanamke aliyemuua mtoto wake kwa leso, na ambaye leso hiyo huletwa mbele yake kila siku. Nikimkumbuka Gretchen, nilihisi kuna deni la zamani lililolipwa hapo.

Cha nne, Doctor Faustus, riwaya ya Mjerumani Thomas Mann ya mwaka 1947, kinahusu mtunzi wa muziki anayepewa miaka 24 ya kipaji kwa sharti la kutompenda mtu yeyote. Anampenda mpwa wake wa miaka mitano, na mtoto anakufa kwa homa ya uti wa mgongo. Hapa kafara imetajwa karibu kama tunavyoisimulia sisi. Nakala yangu ya kwanza ilikuwa imenyofoka kurasa katika sura ya 25, ambayo ndiyo yenye mazungumzo na Shetani. Niliirudisha kwa muuzaji. Hakubishana, alichukua namba yangu, na baada ya siku tisa akanipigia kwamba amepata nakala nyingine iliyo kamili, bila kuniongezea hata shilingi. Jalada lake limefifia, lakini nimezihesabu kurasa zote.