Ngome za Alsace Kaskazini: chini ya ardhi Schoenenbourg, juu ya mwamba Fleckenstein

Ukimtajia mtu Alsace, mkoa wa mashariki mwa Ufaransa, atakutajia Strasbourg na Colmar, basi. Mimi naishi Karlsruhe, upande wa Ujerumani wa mto Rhine, na wageni wangu nawapeleka kwingine: pembe ya kaskazini kabisa, vijijini, karibu na mji mdogo wa Wissembourg. Kwa gari haifiki saa moja. Huko, ndani ya mwendo wa nusu saa hivi, kuna ngome ya vita ya miaka ya 1930, kasri la karne ya 12 na kanisa la abasia (nyumba ya watawa) la karne ya 13. Safari hii nilikwenda na mjomba wangu, fundi mstaafu wa mashine bandarini Kilindini, aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa. Nilipomwambia twende kuangalia ngome alicheka. "Mimi nimezaliwa nyuma ya Fort Jesus, mjomba. Ngome gani utanionyesha?"

Nikamwonyesha ngome isiyoonekana.

Schoenenbourg ndivyo ilivyo. Unapita mashamba, unafuata vibao, unaingia msituni, na unachokikuta ni ukuta wa zege na mlango mzito wa chuma. Hakuna mnara, hakuna bendera kubwa, hakuna boma la kukuambia umefika. Ngome yenyewe iko chini, takriban mita 30 ardhini. Unashuka ngazi, tena ngazi, hewa inabadilika, na kabla hujamaliza kushuka umeshaanza kujuta kwa nini hukuvaa sweta. Huko chini ni nyuzi 13 hivi, kiangazi na kipupwe.

Hii ni mojawapo ya ngome kubwa za Mstari wa Maginot, mlolongo wa ngome ambao Ufaransa iliujenga mpakani kujikinga na Ujerumani. Ufaransa ilitoka Vita vya Kwanza ikiwa imezika zaidi ya wanaume milioni moja, na ikaapa kwamba safari nyingine zege ndilo litakalopigana. Bunge lilipitisha fedha Januari 1930, na mradi ukachukua jina la waziri wa vita André Maginot, aliyefariki Januari 1932 kazi ikiwa bado inaendelea. Schoenenbourg ilianza kujengwa 1931 ikamalizika 1935. Waliokaa humo walikuwa askari zaidi ya 600.

Ziara ni ya kujitembeza mwenyewe, na mimi nimeipenda hivyo. Unafuata mishale kwenye kuta, unasoma mabango ya Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza, unasimama unapotaka. Hakuna mtu wa kukuharakisha. Njia yote, kwenda na kurudi, ni kama kilomita 3, sehemu kubwa ikiwa ni korido moja ndefu yenye reli nyembamba sakafuni iliyokuwa ikibeba makombora kutoka mlangoni hadi kwenye mizinga. Ukitazama mbele huoni mwisho wake. Mwenye kuogopa mahali pa kufungika afikirie mara mbili, na mwenye magoti mabovu pia, maana ngazi za kushuka ndizo hizo hizo za kupanda.

Kwanza unafika wanakoishi watu: jiko, vitanda vya chuma vya ghorofa, zahanati, bafu. Jiko ni la umeme, kwa sababu moshi chini ya ardhi ungewaua wapishi kabla ya Wajerumani. Bwalo la kulia hakuna. Askari walikula koridoni, kwenye meza za kukunja zilizofungwa ukutani, na waliokuwa wakipita walipita wakiwa wamebana mbavu. Mtu aliyewahi kulala bweni la shule ya bweni ya serikali ataelewa upesi maisha yalivyokuwa humo, ukiondoa kwamba bwenini angalau kuna madirisha.

Mjomba hakuyajali hayo. Yeye alinasa kwenye chumba cha mashine. Dizeli kubwa bado ziko mahali pake, zimepakwa rangi, zimefutwa mafuta, na alizizunguka mikono nyuma kama anakagua zamu. Siku za amani umeme ulitoka nje. Dizeli zilikuwa za siku ambayo adui angekata nyaya. "Mashine hii yataka hewa na yataka maji ya kuipoza," akasema, "na watu mia sita wataka hewa hiyo hiyo. Walipitisha wapi?" Jibu liko chumba cha vichujio. Hewa ilivutwa kutoka juu, ikapitishwa kwenye vichujio, kisha ikasukumwa ndani kwa nguvu kiasi kwamba shinikizo la ndani lilizidi la nje. Mlango ukiwa na ufa, hewa safi ndiyo inayotoka; gesi ya sumu haiwezi kuingia. Mjomba alilisoma bango lile mara nyingi kuliko nilivyotarajia. "Hawa walijua kazi."

Mwisho wa korido unapanda tena, kwenda kwenye mizinga. Hapa ndipo pesa ya tiketi inaporudi. Mizinga imewekwa ndani ya mnara mfupi wa chuma uliozama kwenye zege: unainuka, unazunguka, unapiga, kisha unashuka, kama kobe anavyorudisha kichwa. Kilichobaki juu ni kifuniko cha chuma kinene, na risasi hazikifanyi kitu. Uzito wa mnara umesawazishwa na uzani mwingine upande wa pili, kwa hiyo hata umeme ukikatika watu wangeweza kuuinua kwa mikono. Ukisimama chini yake na kuangalia zile nguzo, magurudumu na lifti ya makombora, unaona kwamba hiki si handaki lenye bunduki. Ni kiwanda.

Na kiwanda hicho kilifanya kazi. Mei 1940 Wajerumani hawakuja kuugonga mstari huu usoni. Walipita kwenye milima na misitu ya Ardennes, upande wa Ubelgiji, wakatokea nyuma ya mstari. Lakini Juni wakarudi kuzijaribu ngome za Alsace. Schoenenbourg ilipigwa kwa mabomu ya ndege za Stuka na kwa mzinga wenye mdomo wa milimita 420, ambao kombora lake moja lina uzito wa takriban tani moja. Zege lilibomoka huku na kule, lakini ngome haikunyamaza, iliendelea kujibu. Makubaliano ya kusimamisha vita yalianza kazi tarehe 25 Juni. Askari wa Schoenenbourg walitoka tarehe 1 Julai, baada ya kuamriwa na wakubwa wao wenyewe kuikabidhi.

Tukiwa kwenye gari mjomba alikuwa bado analitafuna hilo. Fort Jesus ilizingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698, na waliokuwa ndani walikwisha kwa maradhi na njaa. "Ile iliangushwa na tumbo," akasema, "hii imeangushwa na karatasi." Nimesoma mambo mengi kuhusu Maginot, na sijaona aliyeyafupisha vizuri hivyo.

Ngome inatunzwa na chama cha watu wanaojitolea, na inaonekana. Kila kitu kimepigwa msasa na watu wanaopenda wanachokifanya. Bei ni chini ya pizza na soda mjini Strasbourg. Angalieni saa za kufungua kabla ya kwenda, maana kipupwe hufungwa, na mgeni wa mwisho huingizwa mapema kabla ya kufunga. Tengeni saa mbili kamili. Mtoto wa kigari msimpeleke. Mtoto wa miaka kumi atafurahi kuliko nyinyi.

Kijiji cha jirani, Hunspach, kipiteni kwa miguu hata kwa nusu saa. Mwaka 2020 Wafaransa walikipigia kura kuwa kijiji wanachokipenda zaidi. Nyumba ni nyeupe, zina fremu za mbao nyeusi, na baadhi ya madirisha yana vioo vilivyofura kwa nje: aliye ndani anakuona, wewe humwoni. Mjomba alisema wenye nyumba wangeelewana sana na akina mama wa Mji wa Kale. Lakini kijiji hiki kizuri kilikaa kati ya mizinga na mpaka, na Septemba 1939, vita ilipoanza, watu wa vijiji hivi vya mpakani waliamriwa kufunga mizigo na kuhamishwa mamia ya kilomita kusini-magharibi. Ukiijua hiyo, unapita pale kwa macho mengine.

Chakula. Jikoni huku hufungwa saa nane mchana, na ukifika saa nane na robo utapewa kahawa na pole. Chakula cha kienyeji ni flammekueche, unga mwembamba uliopakwa krimu na vitunguu na kuokwa kwa moto mkali. Kwa Waislamu: ile ya kawaida ina nyama ya nguruwe. Ipo ya jibini na ya uyoga, ila semeni wazi, kisha mrudie. Sisi tulisema, mhudumu akaitikia kwa tabasamu, na sahani ikaja na nguruwe. Tulibadilishiwa bila ugomvi, lakini mjomba tangu hapo alikula mkate na matunda tu.

Fleckenstein iko magharibi, karibu na Lembach, ndani ya msitu wa milima ya Vosges ya Kaskazini, na mpaka wa Ujerumani uko hatua chache tu. Baada ya zege, macho yanahitaji mahali kama hapa. Kasri limepanda juu ya mwamba wa jiwe la mchanga jekundu wenye mita 90 hivi kutoka ncha moja hadi nyingine, tena halikujengwa juu yake tu: limechongwa ndani yake. Ngazi zinapita tumboni mwa mwamba, vyumba vimechimbwa, na unaweza kupitisha mkono kwenye alama za patasi za watu wa karne ya 12 na waliowafuata. Ukifika juu unaona msitu mtupu kila upande.

Hadithi yake ya mwisho inachekesha ukitoka Schoenenbourg. Kasri lililoonekana haliingiliki lilichukuliwa na Vauban, mhandisi wa kijeshi wa mfalme wa Ufaransa, mwaka 1674 bila upinzani, na 1680 jeshi la Ufaransa likalibomoa. Familia ya Fleckenstein yenyewe ilikwisha 1720. Nikamwangalia mjomba, alikuwa anasoma bango na kutikisa kichwa.

Pale kuna sehemu ya michezo ya watoto na mahali pa kunywa chai. Wenye miguu wafuate njia ya makasri manne: Fleckenstein, Loewenstein, Hohenbourg na Wegelnburg, hili la mwisho likiwa upande wa Ujerumani. Unavuka mpaka msituni bila kujua. Miguu ya mjomba ilikuwa imeshatoa notisi, tukaishia kwenye kasri la kwanza.

Wissembourg nitaisema kwa kifupi, si kwa sababu haifai. Kanisa la Mtakatifu Petro na Paulo ni la pili kwa ukubwa kati ya makanisa ya Kigothi ya Alsace baada ya kanisa kuu la Strasbourg, na ndani kuna picha ya ukutani ya Mtakatifu Kristofa, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Tembeeni kandokando ya mto Lauter mpaka Nyumba ya Chumvi ya 1448, muone paa lake lililopinda. Kuingia kanisani ni bure.

Kwa wasio na gari: treni ya kutoka Strasbourg kwenda Wissembourg inapita Haguenau na husimama Hunspach, na kutoka kituoni unaweza kutembea hadi ngome ya Schoenenbourg kupitia mashambani. Fleckenstein bila gari ni taabu. Mchangieni teksi au kodini gari. Na kama mnalala huku, ongezeni Hatten, kusini kidogo, ambako Januari 1945 Wamarekani na Wajerumani walipigania nyumba moja moja hadi kijiji kikabaki kifusi. Kuna jumba la makumbusho, na nje kidogo kuna boma dogo la zege liitwalo Esch, linalofunguliwa siku chache tu, kwa kawaida Jumapili. Pangeni siku kwa kulifuata hilo, mengine yote yatakaa.