Mkanda wa usalama wa kamba mbili: unafaa ghorofani, si kwenye paa la nyumba ya kawaida

Maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi Dodoma siku hizi hayakosi mikanda ya usalama ya mwili mzima. Kwa kazi za Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na maghorofa ya mjini, inayofaa zaidi ni ile yenye kamba mbili na kulabu kubwa za kubana bomba la jukwaa. Tunaizungumzia hiyo, kwa bosi mwenye saiti na fomeni anayetumwa dukani kuinunua.

Kabla ya bei, soma lebo. Mkanda wenyewe uwe na EN 361, na pakiti ya kufyonza mshtuko iwe na EN 355 (EN ni alama ya viwango vya Ulaya). Ukikuta EN 358 peke yake, huo ni mkanda wa kiuno wa kumtuliza fundi kwenye nguzo wakati anafanya kazi. Haukutengenezwa kudaka mtu anayeanguka. Lebo ikiwa imekatwa, au haina mwaka wala namba ya bidhaa, rudisha.

Muuzaji atakusifia kulabu. Wewe angalia pakiti. Ndani yake mna utepe uliokunjwa na kushonwa. Mtu akianguka, nyuzi zinaachia moja baada ya nyingine, na nguvu inayompata mwilini haizidi kilonewtoni 6, sawa na uzito wa kilo 600 hivi. Zipo seti za bei ya chini zenye kamba tupu bila pakiti. Hizo hata kwa nusu bei ni hasara.

Sasa jambo ambalo dukani hutaambiwa. Kamba pamoja na pakiti ina urefu wa mita 2. Pakiti ikifunguka yote inaongeza hadi mita 1.75. Kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo weka mita 1.5, halafu acha mita 1 ya akiba. Jumla unahitaji nafasi wazi ya mita 6.25 chini ya pale kulabu iliponasa. Nyumba ya kawaida ya Nzuguni au Ilazo ina mita 3 tu hivi kutoka ukingo wa paa hadi chini. Fundi wa kupaua aliyenasa kulabu usawa wa miguu yake atafika ardhini mkanda ukiwa haujaanza kazi. Amevaa, amejifunga, picha ya ukaguzi imependeza, na ameumia vilevile. Kwa urefu huo pesa yako iende kwenye jukwaa imara lenye kizuizi cha usawa wa kiuno kuzunguka paa, au kamba fupi isiyomruhusu fundi kufika ukingoni kabisa.

Ghorofani seti hii inafanya vizuri, mradi inaswe juu ya kichwa au angalau usawa wa mabega. Kulabu mbili zipo ili moja isiachie kabla nyingine haijanasa. Kosa tunaloliona sana ni kunasa kwenye papi la inchi 2 kwa 2 au nondo inayochungulia. Sehemu ya kunasa inatakiwa ihimili kilonewtoni 12, yaani zaidi ya tani moja. Tafuta nguzo au mhimili wa zege na uzungushie utepe maalumu. Kuzungusha kamba yenyewe kwenye bomba na kuirudishia kulabu yake ni hatari, kwa sababu kulabu inavutwa kwa ubavu. Na usipige fundo kufupisha kamba. Fundo linaila nguvu yake.

Uvaaji ni dakika mbili. Pete ikae katikati ya mabega, utepe wa kifua usawa wa kifua na si shingoni, na ya mapaja ipitishe kiganja kilichonyooka lakini ikatae ngumi. Wengi huacha ya mapaja ikining'inia kwa sababu ya joto.

Vumbi la Dodoma ndilo adui wa kulabu hizi. Springi inajaa mchanga na mlango haurudi wenyewe. Kulabu ya namna hiyo haitumiki mpaka isafishwe na ijifunge bila kusaidiwa. Osha utepe kwa maji na sabuni laini, anika kivulini. Jua linakula nyuzi, na cheche za kuchomelea zinaacha vitobo vigumu kama plastiki iliyoyeyuka. Ukigusa kimoja, mkanda huo umekwisha. Uliowahi kudaka mtu nao haurudi kazini.

Mtu aliyening'inia ashushwe ndani ya dakika chache, maana damu inabaki miguuni na anaweza kuzimia. Zimamoto ni 114, lakini ngazi na watu wa kumshusha wawe tayari pale saiti kabla kazi haijaanza.

Akiumia, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) ndani ya siku 7. Mkanda uhifadhiwe kama ulivyo, pamoja na lebo na picha ya mahali uliponasa. Malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 24. Kibarua asiyeandikwa kwenye rejesta ndiye anayehangaika kuthibitisha kwamba alikuwa kazini. Kurudi kazini kwa aliyeumia kusiamuliwe na neno "amepona". Muombe daktari aandike anaweza kubeba kilo ngapi, kupanda ngazi, kusimama muda gani. Stoo, kupokea saruji, au hata kukagua mikanda kila asubuhi ni kazi halisi kwa wiki za mwanzo. Aliyevunjika mtulinga avalishwe mkanda akiwa chini kwanza, kwa sababu utepe wa bega unapita palepale.

Kwa ghorofa mbili kwenda juu, nunua, tena yenye pakiti. Ukubwa wa "mmoja kwa wote" unawapwaya wembamba hata ukikazwa mpaka mwisho. Uliza kama kuna namba ndogo. Uzito wa juu kwa seti nyingi ni kilo 100, na humo mna mtu, nyundo na misumari yake.